Saa Nne ya Kireno

Ukisema "mwalimu wa kujitolea," hata mtu wa Njombe kama mimi picha inayomjia ni Mzungu kijana mwenye begi kubwa mgongoni. Kwa hiyo nilipofika Ribáuè, mji mdogo wa bara katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu walinitafutia maelezo mengine. Mtanzania huko anajulikana: ni mfanyabiashara. Ana duka la vipuri, au anauza vitenge, au ana basi dogo. Mama aliyekuwa akiniuzia mkate aliniuliza siku tatu mfululizo kama kweli nimeacha kwetu nikaja kufundisha Kiingereza bila mshahara. Siku ya tatu akanihurumia, akaniongeza mkate mmoja.

Ilikuwa 2016. Kanisa lililonipeleka lilinipa chumba, posho ya chakula na kitabu cha sarufi ya Kireno. Nilifundisha darasa la nane na la tisa. Huko mwalimu anaitwa "senhor professor," na sitaficha, cheo hicho kilinilevya kidogo. Kilichonichosha ni ukimya wa wanafunzi. Nauliza swali, kimya. Narudia polepole, kimya. Nachora ubaoni, wananakili mchoro vizuri kabisa, pamoja na alama ya kidole changu kilichofuta chaki. Kuna binti mmoja wa dawati la nyuma alikuwa na jibu moja kwa kila kitu: "Yes, teacher." Unaitwa nani? "Yes, teacher." Unakaa wapi? "Yes, teacher." Kwenye daftari langu niliandika kwamba hajitumi.

Ikafika likizo ya Agosti, ile ya kabla ya muhula wa tatu. Walimu wenzangu walikuwa wanakwenda mashambani kwao. Mimi nikatangaza kwamba nakwenda kupumzika baharini, Ilha de Moçambique, kile kisiwa kilichoipa nchi nzima jina. Mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa mkoa huohuo, akaniambia hajawahi kufika. Alisema bila kinyongo, halafu akaniagiza pweza mkavu. Nikaona aibu kidogo, lakini si kiasi cha kuahirisha safari.

Kituoni Nampula nikasikia mtu ananiita. "Tanzaniano! Tanzaniano!" Nikageuka na kuinua mkono, nikishangaa nimejulikanaje. Mpiga debe akanikamata begi papo hapo. Kumbe hakuwa ananiita. Kuna mabasi madogo katika mkoa ule yanayoitwa "tanzaniano," nayo ndiyo yanayokwenda Ilha moja kwa moja bila kukushushia njiani ubadilishe gari. Nikapanda tanzaniano mimi Mtanzania, nikabanwa kati ya gunia la mkaa na bibi mmoja aliyepaka uso mzima mchanganyiko mweupe. Wanauita musiro: kipande cha mti husuguliwa kwenye jiwe kwa maji kidogo, kama kina bibi wa Unguja na Lamu wanavyosugua liwa kwenye msio. Bibi aliniuliza jambo kwa Kimakua. Nikatabasamu. Akauliza tena. Nikatabasamu zaidi. Akakata tamaa, akalala begani kwangu hadi Monapo.

Kisiwa kinaungana na bara kwa daraja la zaidi ya kilomita 3, jembamba kiasi kwamba magari mawili hayapishani isipokuwa kwenye sehemu maalumu zilizopanuliwa. Ukivuka usiku huoni kitu, unasikia maji tu pande zote mbili. Mimi nilivuka jua linazama, nikaona wavuvi wanatembea katikati ya bahari maji yakiwafika magotini. Maji yalikuwa yamekupwa, lakini mtu wa milimani nilidhani naona muujiza.

Historia yake nitaipitia haraka, maana kila anayekwenda huirudia. Vasco da Gama alifika 1498 akakuta tayari kuna sheikh, msikiti na vyombo vya biashara. Wareno wakajenga kikanisa mwaka 1522 kwenye ncha ya kaskazini, kisha ngome ya São Sebastião kuanzia 1558, na kisiwa kikawa makao makuu ya koloni lao hadi 1898. UNESCO ilikiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1991. Ndani ya ngome kuna birika la kukingia maji ya mvua, kwa kuwa kisiwa hakina chemchemi ya maji baridi. Siku niliyokwenda mimi, wanawake walikuwa wanatoka langoni na ndoo kichwani, wanawapita watalii kama wanavyopita nguzo.

Kilichonigusa mimi ni neno moja. Kisiwa kina miji miwili: upande wa kaskazini mji wa mawe, upande wa kusini mji wa "macuti." Nilipolisoma kwenye kibao nikacheka peke yangu barabarani. Makuti! Paa za makuti, kama Bagamoyo. Nyumba za huko ziko chini kuliko barabara, unashuka ngazi kuingia mtaani, kwa sababu mawe na chokaa vilichimbwa hapo vikapelekwa kujenga majumba ya upande wa pili. Kwa hiyo wenye majumba wanakaa juu, na waliobaki wanakaa ndani ya shimo. Mvua ikinyesha unajua maji yanakwenda wapi.

Nilipanga chumba hukohuko kwenye makuti, kwa mama mmoja mjane. Asubuhi ya kwanza niliamka alfajiri ili nipige picha ya jua likichomoza, nimtumie mdogo wangu. Nikashuka ufukweni na simu mkononi. Nikawakuta wanaume kumi hivi wamechutama, kila mmoja na mita zake chache za heshima, wakitazama bahari. Nilirudi mbio. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha 1992, vilileta wakimbizi wengi kutoka bara hadi kisiwa kikafurika, na nyumba nyingi hazina vyoo. Mimi nilikuja na kichwa kilichojaa picha za kalenda. Ufukwe wa watu ni uwanja wa nyuma wa nyumba zao, na mimi niliingia bila hodi.

Mchana nikaenda sokoni, pale samaki wanaposhushwa. Hapa nitakaa kidogo.

Mama muuza samaki alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, mbele yake changu wadogo wamepangwa mafungu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na sentensi yangu ya Kireno, nimeifanyia mazoezi njia nzima: nataka fungu moja, bei gani. Nikaisema vizuri. Tatizo ni kwamba nilikuwa sijajiandaa kwa jibu. Akanijibu kwa Kireno kilichochanganywa na Kimakua, kwa kasi, huku anapigana na nzi. Sikudaka hata neno. Nikasema "Sim," yaani ndiyo. Akaweka fungu kwenye mfuko, akaniuliza kitu. "Sim." Akaweka la pili. Akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya juu zaidi, kama vile mimi kiziwi. "Sim, sim." La tatu. Watu wakaanza kutazama, jasho likanitoka mgongoni, na kadiri walivyotazama ndivyo nilivyozidi kuitikia, ili tu jambo liishe. Nikalipa noti niliyoona inatosha, nikapokea chenji bila kuihesabu, nikaondoka na mafungu matano ya samaki, mtu mmoja, likizoni, sina hata sufuria.

Nilifika kwenye kona ya msikiti nikasimama. Nilimkumbuka yule binti wa dawati la nyuma.

Kumbe "Yes, teacher" ni hii. Mtoto yule anajua kabisa kwamba hajaelewa. Ameitikia ili macho sitini yaache kumtazama. Nami kila alipoitikia nilipandisha sauti, kama mama samaki.

Mama mwenye nyumba alipoona mfuko aliweka mikono kichwani. Jioni ile uani kwetu walikula watu kumi na mmoja, samaki kwa ugali na matapa ya siri-siri, majani ya pwani yaliyopikwa kwa nazi. Kila aliyekula aliniambia "koxukuru," asante ya Kimakua. Hiyo sikuhitaji kufasiriwa, shukrani imo ndani yake.

Usiku huohuo nikampata mzee. Nilikuwa naongea na mama yangu kwa simu, namweleza habari za samaki, mara sauti ikatoka barazani gizani:

"Kijana, mtu wa Nachingwea wewe?"

Alikuwa mjomba wa mama mwenye nyumba. Ujanani alikuwa kambini Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha wakati ule, kizito, kimekaa miaka mingi bila kutumika kama koti la marehemu. Nikamwamkia shikamoo. Akanyamaza kidogo, halafu akaitikia "marahaba" kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu alichokuwa amekipoteza. Nikamwambia kwetu ni Njombe. Akasema hajafika, ila baridi yake aliisikia ikisimuliwa. Tangu hapo kila jioni tuliketi pale barazani. Akikosa neno aliazima la Kireno na kuendelea mbele, mimi nikikosa la Kireno alinipa, basi tukaenda hivyo, tukiazimana kama majirani wanavyoazimana chumvi.

Siku ya nne nikapanda dau kwenda Cabaceira Pequena, ng'ambo ya ghuba, kwenye mchanga mweupe ambao hakuna anayeutumia kwa mambo ya alfajiri. Nahodha alikuwa mvulana wa kama miaka kumi na sita, naye yuko likizo ya shule. Kwenda kulikuwa rahisi, kusi ilikuwa nyuma yetu. Nilikaa majini nusu siku, kina cha magoti, maana kuogelea sijui na Njombe huogi maji ya nje bila sababu ya msingi. Nilijisikia mtalii kamili. Watoto wakaniuzia ushanga wa zamani ambao bahari huutupa mchangani, mizigo ya vyombo vilivyozama; nikamnunulia mama yangu kamba moja.

Kurudi, upepo ulikuwa unatoka kulekule tunakotaka kwenda. Nilidhani kijana atashusha tanga apige kasia. Badala yake akalielekeza dau pembeni kabisa, kama anakwenda mahali pengine, tukaenda hivyo kitambo, kisha akageuza. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikazungushwa mbele ya mlingoti, tanga likapiga kelele mara moja kama shuka linalokung'utwa, likajaa upande wa pili. Tukaenda pembeni kwa upande mwingine. Kila mara tukigeuka, kisiwa kilikuwa kimesogea kidogo.

Anabisha: ndivyo mabaharia wanavyoita kwenda kinyume cha upepo namna hiyo. Nililijua neno hilo maisha yangu yote: kubisha hodi, kubisha mtu akikwambia ukweli. Kidato cha tano tulichambua mashairi yaliyojaa joshi na demani na foromali, nikapata alama nzuri sana, bila kuwahi kuona mlingoti. Wala mwalimu wetu sidhani kama aliwahi. Hapo kwenye dau ndipo nilipopata maana ya maksi zangu, miaka kumi baadaye, kutoka kwa mtoto asiyejua neno la Kiswahili. Hakunieleza kitu. Alinipa kamba ya tanga nishike, akanionyesha kwa kidevu lini nivute na lini nilegeze. Nilipokosea dau lilitetemeka, akacheka, akangoja. Mara ya tatu nilipatia. Hakuniuliza kama nimeelewa.

Furaha hiyo ilinifanya niruke majini mapema mno tulipokaribia, nikakanyaga lile dude jeusi lenye miiba linalokaa kwenye mawe. Miiba saba ndani ya kisigino. Nililia, sina sababu ya kuficha. Mama mwenye nyumba aliniwekea utomvu wa papai bichi, akanifunga kitambaa, akasema maneno ambayo nadhani hayakuwa ya pole.

Sasa habari ya basi.

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Jumamosi usiku nikamwomba mzee aniulizie tanzaniano ya kurudi Nampula, kwa kuwa mguu ulikuwa bado unauma. Akajikongoja hadi kwa dereva, akarudi amefurahi, ujumbe ameubeba kwa Kiswahili tangu huko.

"Linaondoka saa nne," akasema.

"Saa nne kamili?"

"Saa nne kamili. Dereva hangoji mtu."

Nikaona mambo mazuri hayo. Nikalala usingizi wa pono. Nikaamka saa moja asubuhi, nikanywa chai, nikafunga pweza wa mwalimu wa hisabati kwenye gazeti na mifuko mitatu, nikaaga watu wote uani. Walinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Saa tatu na nusu nikawa kituoni, nusu saa mapema, najisifu. Hapakuwa na gari. Palikuwa na mbuzi.

Mzee akaja na fimbo yake. Mimi nikaanza, "Shikamoo mzee, basi limechelewa?"

"Limechelewa nini? Limeondoka. Nimekuja mwenyewe kukuaga hapa usiku, sikukuona. Nikasema mwalimu ameongeza siku."

"Mzee, ulisema saa nne."

"Ndiyo. Saa nne!" Akainua vidole vinne mbele ya uso wangu. "Quatro. Usiku huu. Nimekwambia kwa Kiswahili."

Tukatazamana. Alikuwa amenipa maneno ya Kiswahili na saa ya Kireno. Dereva alisema "quatro," saa kumi alfajiri, na mzee akaifasiri namba kama ilivyo. Miaka yote ile Kiswahili kilikuwa kimekaa kichwani mwake, lakini saa ilikuwa imeshahamia Ureno. Nami sikuuliza asubuhi au usiku, kwa kuwa nilimsikia anasema lugha yangu. Angeniambia kwa Kireno ningeuliza mara mbili, ningeandika hata kwenye karatasi.

Aliudhika kuliko mimi. Akanishika mkono tukaenda polepole hadi mwanzo wa daraja, yeye na fimbo, mimi na kisigino, na pale akaketi nami chini ya jua hadi nikapata nafasi nyuma ya pikapu ya kwenda Monapo. Kutoka hapo nikadandia jingine hadi Namialo, kisha jingine. Nampula niliingia usiku. Kila gari nililopanda abiria walianza kunusanusa, halafu wakaliangalia begi langu. Pweza mkavu hana siri.

Ribáuè nikafika Jumatatu mchana. Bendera ilipandishwa bila mimi, na kwenye daftari la mahudhurio nimewekewa falta kwa wino mwekundu. Mkuu wa shule aliniuliza sababu. Nikamweleza. Alicheka hadi akavua miwani, lakini falta hakuifuta, na alikuwa na haki. Mwalimu wa hisabati alipokea pweza wake, akamnusa, akasema huyu ndiye.

Alhamisi somo la darasa la tisa lilikuwa kutaja saa kwa Kiingereza. Nilikuwa nimeliandaa tangu Julai, na michoro ya saa sita. Nikaiacha. Nikawasimulia habari ya tanzaniano kwa Kireno changu kibovu, vidole vinne vya mzee, mbuzi, pweza, kila kitu, nikawaandikia ubaoni sentensi ya msiba wangu: "Perdi a chapa." Nimelikosa gari; "chapa" ndiyo daladala ya huko. Darasa likacheka, nikadhani wanacheka kisa.

Binti wa dawati la nyuma alikuwa ameinua mkono. Nusu mkono, kiwiko bado mezani.

"Senhor professor," akasema. "Ni *o chapa*. Si *a chapa*."

Kitabu changu cha sarufi kilisema *a*. Lakini kitabu changu kilichapwa Lisbon, na huko Ribáuè hakuna mtu aliyewahi kupanda kile Mreno wa Lisbon anachokiita chapa, yaani kipande cha bati. Nikafuta, nikaandika *o*. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama ana uhakika.

"Yes, teacher," akasema.